Makalio ya Bertille, Kitambi cha Mumewe

Bertille, mshonaji wa hapa Kalemie, ana makalio ambayo mabenchi ya kanisani yanayafahamu. Mimi, wifi yake, humcheka waziwazi, naye hunicheka kwa miguu yangu ya korongo. Lakini tangu redio iseme kwamba unene huleta ugonjwa wa sukari, hofu ilimshika kweli. Akaanza kula nusu sahani. Nusu nyingine ya ugali na samaki wa migebuka alimsukumia mumewe, kaka yangu Adalbert, mwembamba wa mikono na miguu, kitambi mbele. Mwaka huu amemwongezea suruali kiuno mara tatu, tena kwa fahari, maana kwetu kitambi cha mume ni sifa ya mke.

Jumatatu Bertille alijikaza, mimi na kaka tukamsindikiza zahanati. Muuguzi Evodie alimpima kiuno kwa utepe, akamtoboa kidole, akatabasamu.

"Mama, sukari yako iko muzuri. Tension ya damu pia."

Weee! Bertille alicheza palepale juu ya mizani, wagonjwa wakampigia makofi. Mimi nilicheka mpaka machozi.

"Na hii yote?" akauliza, akijipiga nyonga.

"Mafuta ya huko chini inatulia, haisumbue sana. Ile ya ndani ya tumbo, kando ya maini, njo inaleta matata." Jicho lake likatua kwa kaka yangu. "Papa Adalbert, kuja basi."

"Mimi? Niko mwembamba!"

Utepe ukasoma sentimita mia moja na nane. Kidole nacho kikamsaliti.

"Sukari imepanda, Papa. Ugonjwa haujaingia, lakini uko mulangoni. Punguza bugali, tembea."

Bertille aliangua kicheko, kisha akashika mdomo. Zile nusu sahani zake! Masikini, alikuwa anamlisha mumewe hofu yake mwenyewe.

Nje, kaka alinung'unika. "Nikikonda, wenzangu wa kazi kule Kabimba batasema bibi yangu ananinyima chakula."

"Waseme!" Bertille alipaza sauti, barabara nzima ikageuka. "Mimi mwenyewe nitatangaza sokoni kama ninakunyima. Heri waniite bibi mubaya kuliko waniite mujane!"

Pikipiki ya abiria ilisimama mbele yetu. Kaka akaipungia mkono ipite, tukaenda kwa miguu.