Mtoto wa Punda na Cherehani ya Mbumbuni

Punda wetu alizaa Alhamisi asubuhi, na sisi tulikuwa tumeshaamua kwamba hana mimba.

Kosa lilikuwa la hesabu. Mama mkwe wangu alimwona na dume la wachimba mchanga kule mtoni wakati tunapalilia kunde, na tangu siku hiyo akawa anahesabu miezi kwa vidole, kama ya ng'ombe, kama ya mtu. Ilipokaribia tisa, punda akapumzishwa. Tukampa maganda ya mbaazi, tukampapasa, tukamwita mama. Wa tisa ukaisha, wa kumi ukaisha, tumbo lipo, mtoto hayupo. Mama mkwe akamtazama kutoka nyuma, mikono kiunoni, akasema, "Huyu anatuchezea. Hizo ni nyasi." Akarudishiwa mitungi yake minne ya maji na safari mbili kwa siku. Nani alijua kwamba punda hubeba mwaka mzima? Hata mimi niliyezaliwa Kitui, ambako punda wamejaa, sikujua. Tunaishi nao maisha yetu yote, tunajua mateke yao na kelele zao, lakini ya tumboni mwao hakuna anayeuliza.

Basi mtoto akaja amechoka kabla hajaanza. Masikio baridi, miguu inajikunja, mdomo hauna nguvu ya kunyonya. Alilala pale zizini ubavu, anapumua kwa shida, na mamake amesimama juu yake akitutazama sisi. Niliona haya kumtazama.

Wacha nieleze hali yangu, ndipo utaelewa hasira niliyokuwa nayo. Nilikuwa nimeolewa Kathonzweni miaka miwili. Mume wangu alifanya kazi kwenye ghala moja Mombasa, na mimi nilibaki na mamake, ambaye goti lake lilikuwa bovu. Kabla ya kuolewa nilikuwa nimesomea ushonaji, na katika miaka hiyo miwili sikushona kitu ila vifungo. Kisha mama mmoja wa Mbumbuni, mshonaji wa yunifomu za shule, akanipigia simu kwamba ana cherehani moja haina mtu. "Jumatatu saa nne asubuhi uwe hapa," aliniambia. "Usipofika nampa mwingine, maana wanaoitaka ni wengi." Mama mkwe alininunia wiki tatu ndipo akakubali. Ningelala huko siku za kazi, na yeye angeenda mtoni na punda, kwa vile punda anaijua njia mwenyewe, na wasichana wa kule wangemsaidia kupakia mitungi.

Yaani ruhusa yangu yote ilikuwa imefungwa kwenye mgongo wa punda. Na punda sasa hatoki. Ijumaa tulijaribu kumtoa zizini bila mtoto, akarusha teke moja, mtungi ukapasuka, na mama mkwe akakaa chini kwenye mavi akiita, "Ngai! Ngai wakwa, Mungu wangu!"

Hesabu hii ilikuwa rahisi kuliko ile ya mimba. Mtoto akisimama na kumfuata mamake, mimi naenda Mbumbuni. Akifa, mamake atalia siku moja arudi kazini, na mimi naenda. Lakini akibaki amelala vile, hafi wala hainuki, basi na mimi nimelala.

Mwenye duka la dawa za mifugo aliniuzia bomba la sindano lisilo na sindano, akaniambia nisithubutu kumpa maziwa ya ng'ombe. "Mkame mamake. Kila saa, kidogo kidogo. Na umgeuze, asilalie upande mmoja."

Nimkame punda! Kwetu mbuzi anakamwa, ng'ombe anakamwa, lakini punda? Mama mkwe alijifunika uso kwa leso yake, na hata hivyo akaja akamshika masikio. Nikapiga magoti, nikakama. Maziwa yenyewe ni mepesi, matamu, na hayajazi kikombe. Nikamwingizia mtoto pembeni mwa mdomo, tone kwa tone. Saa ikipita narudi tena. Nikianika nguo, naitwa na ile saa. Nikikaa kula, saa imefika. Usiku na mchana ikawa hivyo, hadi mikono yangu ikanuka punda hata baada ya sabuni.

Jumamosi nilimpitishia leso chini ya tumbo nikamwinua. Alikuwa mzito kama debe la mahindi. Miguu ikasimama kidogo, ikafunguka, tukaanguka wote wawili. Nikajaribu tena, tukaanguka tena. Jirani mmoja akapita njiani, akaegemea ua, akaona nimempakata, akacheka. "Kumbe hatimaye umepata wako!"

Sikuwa na mtoto bado, na yeye alijua.

"Ndiyo," nikamjibu, "na amefanana na mume wako."

Akaondoka bila kuaga. Nilifurahi kama dakika mbili hivi, kisha nikalia kwa hasira, kwa sababu hata yule mtu alikuwa anaenda zake na mimi nilikuwa pale pale kwenye mavi.

Mume wangu akapiga simu jioni. Nikamweleza yote. "Subira huvuta heri," akasema. Nikamuuliza kama heri hiyo ingemkuta yeye Mombasa au mimi zizini. Akasema salio linaisha.

Jumapili mama mkwe alimwombea yule mtoto kanisani. Aliniambia mchungaji alisitasita kidogo kisha akasema amina kama kawaida. Mimi sikuenda, maana saa yangu haikuruhusu ibada. Nilikaa na kichwa cha mnyama kwenye mapaja, joto lake limeingia kwenye nguo yangu, na nilitamani afe. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimtazama machoni, nikamwambia kwa sauti, "Kufa basi, tupumzike." Akanyonya kidole changu.

Jumatatu asubuhi mama mkwe akaenda kwa jirani kuomba maji, na akienda kwa jirani hukaa. Saa moja ikafika, saa ya kukama, na sikukama. Nikaingia ndani nikavaa gauni langu la kijani. Saa mbili ikafika. Nikachukua begi. Nilipopita karibu na zizi, mtoto alisikia hatua zangu akainua kichwa, kwa sababu kwake hatua zangu zilikuwa ni maziwa. Sikusimama.

Kutoka nyumbani hadi barabarani ni nusu saa kwa miguu. Nilitembea haraka, naongea peke yangu, eti mimi si punda, eti kila mtu na mamake. Mwenye bodaboda aliponiona na begi akawasha pikipiki. "Mbumbuni?" Nikainua mguu nipande. Niliona kile kichwa kimeinuliwa. Nikainusa mikono yangu, nikajiona nimekaa mbele ya cherehani, nakata kitambaa kipya cha watoto wa shule kwa mikono inayonuka maziwa ya yule niliyemwacha. Nikageuka. Mwenye pikipiki akaniita mara mbili, kisha akatukana.

Nilirudi mbio, begi linanipiga mguuni, nikijua nitakuta maiti.

Nikamkuta amesimama. Miguu minne imetanuka kama stuli iliyolegea, kichwa kiko chini ya mamake, mkia unapepea, ananyonya kwa kelele. Woi! Nilishika mwimo wa zizi. Kwa zaidi ya saa mbili hakuna aliyemwekea kitu mdomoni, njaa ikamuuma kweli, akainuka kukitafuta chakula chake. Mimi na bomba langu pengine tulimwokoa siku ile ya kwanza, lakini tangu hapo ndio tuliokuwa tunamlaza.

Nikasikia sauti ya mama mkwe langoni. Nikatupa begi nyuma ya ghala la mahindi. Aliingia na jirani yule yule wa Jumamosi, akaona, akatupa fimbo yake, akapiga vigelegele. Kisha akaishika mikono yangu yote miwili, akaiinua mbele ya jirani. "Mkono huu! Umeona mkono huu? Una baraka. Mwiitu wakwa, binti yangu, mkono huu hauendi popote." Katika miaka miwili hakuwahi kuniita binti yake.

Nilipopiga simu Mbumbuni ilikuwa saa nne na robo. Yule mama hakunigombeza. "Imepita, dada," alisema. "Ameshakaa mwingine."

Ningepanda ile pikipiki ningefika, na yule mtoto wa punda angesimama vilevile.

Sasa ni miaka sita. Yule mtoto ni punda mkubwa, anabeba mitungi minne, na anayempeleka mtoni ni mimi, kwa kuwa goti la mama mkwe limezidi. Watu wanatoka hadi ng'ambo ya mto kuniletea mbuzi aliyezaliwa dhaifu, ndama asiyenyonya. Wengine wanapona, wengine wanakufa, na wakifa watu wanasema huyo Mungu alikuwa amemtaka. Mara mbili nimepata kazi ya kushona, na mara mbili mama mkwe ameniuliza, bila ubaya wowote, "Na wanyama wa watu?"

Najua neno litakalonifungua. Nimwambie tu kwamba asubuhi ile nilikuwa barabarani na begi, kwamba huu mkono hauna kitu, na atanikasirikia, na ataniacha niende. Kila wiki naamua nitamwambia. Kisha anakuja mtu na mbuzi kwenye gunia, mama mkwe anamwambia, "Ngoja, nimwite binti yangu," na mimi natoka nikiikausha mikono.