Aliyepiga Magoti Kwanza

Enzi za kambi za mkonge, sisi watoto wa upande wa Makuyuni hatukutishwa na zimwi. Tulitishwa na saa saba mchana. Wenzangu mliokulia Korogwe mnaijua ile saa: jua limesimama, kuku wamejificha, na shamba lote liko kimya mpaka unasikia masikio yako mwenyewe. Korona, kile kiwanda cha kukamulia mkonge, ilikuwa imefungwa kabla sijazaliwa, lakini saa hiyo tuliisikia ikinguruma kwa mbali. Tukimwambia mama, alitusogezea ugali wa muhogo akasema, "Kuleni bada mnyamaze."

Kila Jumamosi tulikwenda mafundisho ya kipaimara kwa Bibi Damari, mjane aliyekata mkonge ujana wake wote. Hakujua kusoma. Sisi tulikaa kwenye benchi, yeye akakaa chini kwenye mkeka, miguu mitupu ameinyoosha. "Anayefundishwa ndiye hukaa chini," alituambia. Mmoja wetu alisoma fungu, na likiisha Bibi alimgeukia mdogo kuliko wote: "Na wewe umesikia nini?" Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, bingwa wa kukariri mafungu, na jambo hilo liliniudhi kwelikweli. Kwa nini aulizwe Yunisi, mdogo wangu wa miaka sita aliyekuja kunifuata tu, asiyejua hata kupenga kamasi, wakati mimi nipo?

Somo moja Bibi alilirudia mpaka tukalichoka. Mkipotea mkongeni, msikimbie wala msiite. Pigeni magoti, tazameni chini. Majani ya chini hukatwa kila mavuno, kwa hiyo aliyesimama huona miiba tu, na aliyepiga magoti huuona mstari mpaka barabarani. Nilicheka moyoni. Bibi asiyejua a wala be anifundishe mimi kutembea!

Jumamosi moja tukakuta Bibi anaumwa, mafundisho hakuna. Nikamshika Yunisi mkono, nikakata njia katikati ya shamba ili tuwahi kucheza rede. Ilikuwa saa saba. Tulipita kaburi la manamba, mmoja wa vibarua walioletwa zamani kutoka mbali. Lilikuwa na msalaba wa saruji, na kikombe cha bati kimefunikwa kifudifudi juu yake. Tukatembea sana, tukafika kwenye kaburi lilelile. Mara ya tatu kikombe kilikuwa kimefunuliwa, na ndani mlikuwa na maji. Mvua hatukuwa tumeiona kwa wiki nyingi.

Nikasikia kwaya ikiimba mbele yetu. Nilipoifuata, ikawa nyuma. Nikaita, "Bibi!" Sauti yangu ikarudi polepole, kama mtu anayeijaribu.

"Dada, tupige magoti," Yunisi akasema.

"Nyamaza! Mimi ndiye mkubwa." Nilikuwa nimeshaanza kulia.

Akauchomoa mkono wake, akapiga magoti. Akatazama chini ya majani, halafu akasema bila woga wowote, "Namwona Bibi. Miguu yake ile pale." Akaanza kutambaa. Nikabaki nimesimama pale kaburini na kile kikombe. Kilichoniangusha chini ni hofu, si unyenyekevu. Nikamfuata mdogo wangu kwa magoti mpaka barabarani. Hapakuwa na mtu.

Tukakimbilia kwa Bibi Damari. Alikuwa kitandani, na binti yake alisema tangu juzi hajakanyaga nje. Bibi aliyatazama magoti yetu mekundu, hakuuliza tumetoka wapi.

"Nani alipiga magoti kwanza?"

"Mimi," nikasema.

Yunisi akajipangusa udongo magotini. Bibi akavuta shuka kufunika miguu yake, lakini nilikuwa nimeshaiona. Ilikuwa na udongo mwekundu.

Habari ikafika kanisani, wazee wakanisimamisha mbele ya watu wakanisifu. Tangu hapo ukawa ndio ushuhuda wangu. Leo nafundisha kipaimara Kwamndolwa, na kila mwaka nasimulia jinsi nilivyojishusha, naona haya kulisema. Vijana wangu wana mafungu kwenye simu na ramani kwenye simu. Wakipotea husimama wakainua simu juu kutafuta mtandao. Huwa nawacheka, kumbe mimi pia sijawahi kuinama.

Mwezi uliopita Yunisi alikuja kunitembelea, akakaa nyuma ya darasa. Nikasimulia kama kawaida. Nilipomaliza akauliza, bila hasira, "Dada, ile miguu ya Bibi, wewe uliiona kule shambani? Miaka yote hii nadhani niliota."

Niliona aibu. Nikakaa chini sakafuni. "Sikuiona. Niliona nyayo zako tu, Yunisi. Wewe ndiye uliyepiga magoti kwanza."

Bibi Damari tulishamzika zamani. Korona imeuzwa chuma chakavu, shamba letu sasa ni mahindi, na mtoto hawezi kupotea hata akitaka. Zamani tulikuwa na walimu waliokaa chini. Siku hizi tuna vipaza sauti. Nilimkumbuka Bibi mpaka nikaumia.

Ilikuwa saa saba. Pale darasani nikamgeukia mtoto mdogo kuliko wote, kwa mara ya kwanza tangu nianze kufundisha. "Na wewe umesikia nini?"

Akaonyesha mlangoni. "Mtu anatembea," akasema. "Hana viatu."