Kofia ya Mzee Sakaya

Naisiae alikuwa na kicheko cha kusikika kuanzia kwenye msingi hadi kwenye lenta, juu ya madirisha. Pale Sombetini, ambako usharika ulikuwa unajenga ukumbi mpya, mafundi walijua zege linakuja kabla ya kuliona, maana kicheko kilitangulia na ndoo ikafuata, iko kichwani. Alikuwa saidia fundi kwa miaka mingi. Shingo ilikuwa imeanza kumlalamikia, ila mdomo ulikuwa mzima kabisa.

Ndipo akaja Mwalimu Pudensiana, mama mfupi wa Kichaga mwenye sauti kubwa, kufundisha usalama kazini. Hakuanza na hotuba. Aliweka mapapai mawili chini ya jukwaa la kujengea, moja akalivika kofia ngumu, kisha akamwambia fundi aliye juu aangushie kila moja kipande cha tofali. Papai lisilo na kofia lilisambaa hadi kwenye suruali ya foreman Efraimu. Lenye kofia lilitoka zima, wakalila saa ya chai.

"Kichwa chako ni papai lipi?" mwalimu akauliza.

Naisiae aliuliza maswali mpaka wenzake wakaguna, na mafunzo yalipokwisha wakamchagua yeye kuwa msimamizi wa usalama: akae langoni, agawe kofia, asipite mtu kichwa wazi. Kwaheri ndoo! Alifurahi hata akarudi nyumbani na kofia kichwani, watoto wa mtaani wakimpigia saluti.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyemkumbuka Mzee Sakaya.

Mzee Sakaya alikuwa baba mkwe wake, tena mzee wa kanisa, na kila asubuhi alikuja kukagua ukumbi, shuka begani na fimbo mkononi. Kwa Waarusha, mke wa mwana akikutana na baba mkwe huinamisha kichwa, naye mzee humwekea kiganja utosini. Bila hivyo hajasalimia. Sasa siku ya kwanza ya cheo chake, mzee akapitiliza langoni bila kutazama kofia, akasimama chini ya jukwaa. Naisiae akamkimbilia na kufanya alichokifanya tangu aolewe: akavua kofia, akainama. Mkono wa mzee haujafika, pwaa! Bonge la plasta mbichi likamtua utosini.

Hakuumia. Mafundi walicheka hadi wakashikilia nguzo, na yeye akacheka kuwashinda, plasta ikimtiririka shingoni. Mwalimu Pudensiana, aliyekuwa anafungasha vitu vyake, hakucheka. Akamwambia Naisiae:

"Mama Ezra, lingekuwa tofali tungekuwa tunalia sasa hivi. Narudi Ijumaa. Nikikuta mtu ndani kichwa wazi, hata awe nani, lango nampa mwingine."

Hapo kicheko kilimkauka. Kumzuia fundi ni kazi ndogo. Kumzuia baba mkwe mbele za watu ni kujitafutia maneno kwa ukoo mzima. Lakini akimwachia apite, anarudi kwenye ndoo, na shingo yake ilikwisha kusema haitaki.

Ijumaa mwalimu alikuwa amesimama kando ya mifuko ya saruji, mikono kifuani, mzee alipotokea. Naisiae akasimama katikati ya lango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akainama, kofia ikiwa kichwani. Huko juu miiko ya mafundi ilisimama ukutani.

"Mama Ezra," mzee akasema polepole, "nimsalimie nani, wewe au hicho chombo?"

"Sote wawili, baba. Siwezi kuivua hapa. Na wewe naomba uvae ya kwako, la sivyo siwezi kukuruhusu upite." Miguu yake haikusogea.

Mzee aliisogelea ile kofia. Kisha akaweka kiganja juu yake, akaigonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Takwenya," akamsalimia kwa Kimaa.

"Iko," Naisiae akaitikia, kama mwanamke anavyomwitikia mzee.

"Ile plasta ya juzi nimeiota. Haya, lete hiyo kofia."

Akaivaa, lakini mkanda ukanasa kwenye sikio lake refu lililotobolewa tangu ujanani. Alivuta huku, akavuta kule, ukagoma. Mwishowe akamkabidhi Efraimu fimbo, akainamisha kichwa mbele ya mke wa mwanawe.

"Nifungie."

Naisiae alilitoa sikio taratibu, akafunga mkanda chini ya kidevu. Halafu mkono, bila kumuuliza mwenyewe, ukapanda na kutulia juu ya kofia ya mzee. Aliposhtuka alikuwa amechelewa. Mafundi wote walikuwa wameona.

"Iko," akaitikia Mzee Sakaya, kichwa bado chini.

Jukwaa zima lililipuka kwa kicheko, mwalimu naye akafuta machozi. Mzee akachukua fimbo yake, akaingia kukagua ukumbi.