Mjane na King'amuzi

Amezikwa jirani yangu wa zamani hapa Malindi, mwanamke ambaye wengi wenu hamkumjua, na hapakuwa na sababu ya kumjua. Hakugombea kiti, hakuanzisha chama, wala hakupigwa picha akipeana mkono na mheshimiwa. Mtaani kwetu alijulikana kwa jambo moja: alikuwa na televisheni, na baada ya sala ya alasiri mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mwanamke. Habari ilinikuta sokoni nachagua tangawizi. Niliiacha pale pale nikaenda, na njia nzima nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Televisheni yenyewe ilikuwa ile nene ya zamani, na picha yake haikutulia. Chenga zikizidi, aliyekaa karibu na dirisha alitoa mkono nje akazungusha mti wa antena huku sisi wengine tukimwelekeza kwa makelele, kila mtu na lake. Tulitazama tamthilia tukila mahamri, tukawasuta wanaume wa kwenye tamthilia, na kwa njia hiyo tukawasuta na waume zetu. Humo ndani nilijua nani anaumwa, nani kaachwa na nani hajaonekana tangu juzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na huyu mwenyeji alipona kwelikweli, kwani hakuwa na mtoto ila binti mmoja aliyeolewa Kilifi.

Kisha mumewe akafa, naye akaingia eda, ile miezi ambayo mjane hukaa ndani, hatoki wala haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Akiwa bado edani, serikali ikazima mitambo ya analojia. Sote tulitakiwa kuhamia dijitali, hata yeye ambaye hakuruhusiwa kuvuka kizingiti chake mwenyewe. Asubuhi moja aliwasha televisheni akakuta weupe mtupu unaovuma. Binti yake alimpelekea king'amuzi upesi, lakini king'amuzi kilitaka fundi wa kukiunganisha, na fundi ni mwanamume, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa amejipa kazi ya kuilinda eda ile kuliko mjane mwenyewe.

Tulijaribu hila. Fundi alisimama uchochoroni, nyuma ya dirisha lililofungwa, akawa anatuelekeza kwa sauti. Mwenye nyumba hakutaka sauti yake isikike kwa mwanamume, kwa hiyo alimnong'oneza jirani yetu mmoja mwenye koo pana, naye akapaza. Waya huu hapa, ule pale, bonyeza hiki, usibonyeze hicho. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tulikuwa tumefika mahali kioo kinatuonyesha maandishi badala ya chenga, ndipo shemeji akatokea akitoka msikitini. Alimfukuza fundi, kisha akauliza pale mlangoni mjane ana haja gani ya televisheni, na watu watasemaje. Mwenye nyumba alijifunika vizuri, akajibu kutoka nyuma ya pazia, wala hakupandisha sauti.

"Shemeji, mimi nimefiwa. Sikufungwa."

Shemeji akaenda zake. Fundi naye hakurudi. Siku zile nilizoea kumkuta ameketi kitandani akiutazama ukuta, na akiniona ananishika mkono hauachii. Wanawake walikuja mwanzoni, wakaketi, wakazungumza kidogo, wakachoka. Tamthilia zilikuwa zinaendelea bila wao, na mmoja baada ya mwingine wakanunuliwa ving'amuzi vyao. Sitaki kumlaumu mtu. Picha za dijitali ni safi, hazina chenga, na hakuna haja ya kutoa mkono dirishani. Siku aliyotolewa eda alioga, akafukizwa udi, akatandika busati jipya, fundi akaingia kwa mlango kama watu. Alasiri ile tulijaa. Wiki iliyofuata tulikuwa wachache, na baadaye akabaki na stesheni nyingi kuliko alizoweza kutazama na busati lisilokaliwa na mtu. Nikipita kumjulia hali na kuaga mapema, aliniambia, "Keti kidogo, mwanangu, haijaisha hii." Hata hakuwa akiitazama.

Watu hupenda kusema mashine ndiyo iliyotutenga. Mimi nadhani ilitupa tu kisingizio kizuri. Tulikuwa tunamwendea kwa sababu ya televisheni, na tukiwa pale tulimtunza bila kujua kwamba tunamtunza. Sababu ilipoondoka, hatukutafuta nyingine. Shemeji alimfungia kwa miezi, kwa mila ambayo ina siku yake ya kutoka. Sisi tulimfungia kwa miaka, na kila tukipita uchochoroni tulisikia tamthilia yake kupitia dirishani tukasema, alhamdulillahi, mama yuko, anastarehe.

Siku aliyoanguka, binti yake alimpigia simu jioni isipokelewe. Akampigia mwenye duka mkabala na nyumba, mtu mwema, akamwomba amwangalizie mamake. Mwenye duka alitoka hadi barazani, akatega sikio, akamjibu kwa moyo safi, "Yupo, mwanangu. Nasikia televisheni yake." Binti akatulia. Asubuhi muuza maziwa alipobisha bila kuitikiwa, majirani walivunja mlango wakamkuta sakafuni, na kwenye kioo mtu anasoma habari kwa picha safi isiyo na chenga hata moja. Waliomwosha walisema hakufa mara moja. Basi ninyi mnaonisoma, mkisikia televisheni inazungumza ndani ya nyumba ya mtu anayeishi peke yake, pigeni hodi, na msiondoke mpaka aitikie yeye mwenyewe.