Sufuria Juu ya Mlima Bapa

Mnisamehe kwa mwandiko wangu mbaya na maneno nitakayoyakosea. Niliishia shule ya msingi katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, na kalamu yangu huenda polepole.

Nilikuwa nimeanza kazi ghalani Okolona, hapa Louisville, Marekani, mama mkubwa aliposema anataka kuona jangwa likichanua. Akaja kutoka Columbus, mwanawe akatoka Buffalo, nasi tulikuwa mama, mdogo wangu na mimi, tukakodi gari moja kwenda magharibi.

Tulipanda mlima ambao kilele chake ni bapa kama meza. Juu kulikuwa na maua ya njano na ya zambarau mpaka ukingoni, ambako ardhi ilikatika ghafla.

"Sisi Buffalo bado tunazoa theluji kwa koleo," alisema binamu.

"Ndiyo maana umepauka," mama yake akamjibu. Tukacheka.

Kisha upepo ukatulia. Kusini mawingu yalikuwa meusi. Mama, aliyekuwa akipakua wali, akasimamisha kijiko. "Mdogo wako yuko wapi?"

Mdogo wangu wa kike alikuwa akichuma maua nyuma yetu. Sasa hakuwapo.

Binamu akavuta pumzi amwite. Mama akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usithubutu! Porini jina la mtoto halitajwi. Hujui nani mwingine anasikia."

"Mama mdogo, kule ni ukingo!"

"Nimesema hapana."

Akamwaga wali wote juu ya maua, akaanza kupiga sufuria kwa kijiko, kama alivyokuwa akituita kula kambini. Alipiga mpaka kijiko kikapinda. Radi ilikuwa ikisogea. Mimi nilitaka kupiga kelele, lakini sauti yangu hata nyumbani haifiki jikoni.

Mdogo wangu akatokea upande wa ukingo, mikono mitupu, magoti yana vumbi. Mama akamkumbatia kwanza, ndipo akauliza, "Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kule mlikoniita."

"Nani alikuita?"

"Si nyinyi? Mliniita jina, kule chini. Halafu nikasikia sufuria nyuma, nikageuka."

Tulishuka tumemshika mikono, mvua ikitupiga mgongoni.

Mpaka leo, akicheza uani, mara hugeuza shingo kama mtu aliyeitwa. Mama akimwona kutoka dirishani, huanza kupiga sufuria, hata kama hakuna kinachopikwa.

Ninyi mnaosoma, kama mtoto wenu amewahi kuitwa hivyo, niandikieni mlifanya nini mpaka sauti ikakoma. Nitachelewa kujibu, lakini nitajibu.