Chumba cha Ndani cha Bi Zakiya

Bi Zakiya hakuzaliwa na uchu wa meli. Uchu huo alitiwa na mumewe. Yeye ni mtoto wa Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, kazi yake kutunga asmini na vikuba vya harusi, na bahari aliichukulia kama jirani mkorofi: unajua yuko, unampa salamu, humwendei. Lakini Taib, Mungu amrehemu, alikuwa dobi wa meli. Si hizi za mizigo, la. Zile nyeupe za watalii, ndefu kama mtaa mzima, ambazo zikitia nanga Kilindini hata wenye teksi hukumbuka kuoga.

Taib alikuwa akienda miezi tisa, arudi miwili, aende tena. Kila meli ikifika bandari hupiga simu, na kila akipiga simu humwaga sifa. "Zakiya, asubuhi nikifungua dirisha, bahari yaniingia chumbani. Jana nimeona pomboo, wakiruka wakinitazama. Na huko ukumbini jana, mataa! Na watu walivyovaa!" Huku nyumbani Bi Zakiya simu ameibana kwa bega, mchuzi waungua, mtoto Fairuz ana homa, na dari lavuja. Husikiliza, huitikia "ehe, ehe." Akishakata simu hulia, kisha hukasirika. Mwanamume mwenye dirisha la bahari na pomboo wa kumtazama, atakumbuka nini huku?

Wacha niseme kweli, maana wengine walimsema vibaya: alimwonea mumewe wivu. Alimtamani Taib na alipatamani alipo Taib, vitu viwili vikasukana hata asijue ni kipi kinachomuuma. "Ipo siku nitakupandisha," Taib alikuwa akimwambia kila likizo. Siku hiyo haikufika. Alipostaafu alirudi na kikohozi, akakaa mwaka na kidogo, akaenda kwa Mola wake.

Eda ikaisha, mwaka ukapita, na Bi Zakiya akabaki na haja moja tu. Si kutalii. Alitaka kupaona alipokuwa Taib miaka yote ile ambayo hakuwa kitandani pake. "Mimi nimeishi na nusu ya mume," alimwambia Fairuz. "Nusu nyingine ilikuwa majini. Nataka nikaione kabla sijafa, mwanangu."

Fairuz si mtoto wa kuambiwa mara mbili. Aliposikia kwamba meli ile ile aliyomalizia baba yake kazi itapita Mombasa na kuchukua abiria wa kwenda Unguja, Nosi Be kule Bukini, na kurudi, alimkatia mamake tikiti, na shangazi yake Bimdogo akajikatia yake. Bimdogo ni mdogo wake Taib, mwanamke wa furaha. Ukimwalika matangani atauliza kuna pilau.

Hapo Fairuz akafanya kosa, na kosa lenyewe ni la malezi mema. Wakala wa tikiti alimuuliza: chumba cha nje au cha ndani? Ebo! Mtoto wa Mji wa Kale aulizwe hivyo? Kwetu nje ni kwa wageni wa barazani na wapita njia. Ndani ndiko kwa mwenye nyumba, ndiko anakoketi biharusi, ndiko mtu anakozaliwa na ndiko anakooshwa akifa. Fairuz hakufikiri. "Cha ndani," akajibu. "Ni mama yangu huyo!"

Basi meli ikaja, wakapanda, wakafunguliwa mlango wa chumba. Vitanda viwili, kabati, taa. Ukutani pazia zuri la buluu. Bi Zakiya akalishika pazia kwa mikono miwili, akasema "Bismillahi," akalifungua. Nyuma yake palikuwa na kioo cha kujitazamia, na ndani ya kioo Bi Zakiya mwenyewe na buibui lake.

"Dirisha li wapi?" akauliza.

"Labda liko chooni," akasema Bimdogo, akaenda kutazama. Halikuwako. Kumbe melini chumba cha ndani ndicho kisicho na dirisha.

Kuanzia hapo ikawa ni safari ya dirisha. Kila asubuhi Bi Zakiya alijitia manukato, akashuka mapokezi kwa Kiingereza chake cha kuombea maji, akasema anataka chumba chenye dirisha. Yule binti wa mapokezi alikuwa na tabasamu la kushonewa. Meli imejaa, mama. Kesho, mama. Bi Zakiya alirudi kizani akajilaza akitazama dari, akasema, "Taib alikuwa dobi na alikuwa na dirisha. Mimi ni abiria, sina!" Ilimchoma kweli kweli. Ule wivu wa zamani, aliodhani ameuzika pamoja na mumewe, ukamrudia mzima mzima.

Na mengine nayo hayakuwa yale aliyosimuliwa. Bwawa la kuogelea lilikuwa sawa na birika la msikiti, limejaa wazungu wamepangana kama viazi sinia. Chakula kingi, chumvi hakuna. Pomboo hata mkia. Unguja waliteremshwa saa chache, wakapelekwa moja kwa moja duka la vinyago, vile vile anavyouza jirani yao Sabir mlangoni pake, ila bei ya kuvunja mgongo. "Tumevuka bahari kuja kuangalia duka la Sabir," alisema Bi Zakiya. Bimdogo alikuwa anajaribu kofia. Huyo alistarehe, alikula, alipiga makofi ukumbini, alicheza bahati nasibu mpaka akaambiwa kwamba ni kamari, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

Alhamisi ikaingia. Sasa, Alhamisi jioni, kuamkia Ijumaa, mwanamke wa Ndia Kuu mwenye maiti wake hafukizi udi? Hasomi Yasini? Bi Zakiya hajakosa hata wiki moja tangu Taib afe, na hakukusudia kukosa ndani ya meli ya Taib. Alikuwa na chetezo kidogo cha umeme, kile anachotumia siku ambazo hana makaa, amekiviringisha ndani ya leso. Baada ya alasiri akakichomeka, akaweka kipande cha udi aliopika mwenyewe kwa sukari na marashi, akafungua msahafu. Moshi ukapanda taratibu, ukanukia nyumbani. Hajafika aya ya kumi, king'ora kikalia, pii pii pii, kama kuna moto wa Jehanamu.

Walikuja watu wanne mbio na mtungi wa kuzimia moto. Bimdogo alipiga kelele, "Ni udi! Ni udi tu, jamani!" Nani anaelewa? Wakachomoa chetezo, wakakitazama kama bomu. Mwishowe mmoja akasema kuna mtu wa kwao jikoni, aitwe.

Akaletwa mwanamume mmoja wa makamo, amevaa koti jeupe la weita, kifuani kibandiko kimeandikwa Levi. Alipofika mlangoni akasimama. Alikuwa ananusa.

"Shikamoo, mama," akasema hatimaye. "Mimi ni Kazungu, wa Kaloleni. Hilo la Levi ni la kazini."

"Marahaba, baba. Waambie hawa nasomea maiti wangu. Wataka kunitosa baharini kwa sababu ya udi?"

"La, mama. Nitawaambia." Akawaambia, wakaondoka na chetezo, wakinung'unika. Yeye hakuondoka. "Mama, udi huu umeununua wapi?"

"Sinunui mimi. Naupika."

"Maana harufu hii naijua. Kulikuwa na mzee huku chini, dobi. Nguo zake zilinukia hivi hivi. Mzee Taib."

"Kakangu huyo!" Bimdogo akapaza. Bi Zakiya yeye aliketi kitandani. Ni yeye aliyekuwa akilifukiza sanduku la Taib kila safari, nguo moja moja.

Kazungu akapiga magoti pale mlangoni, kwa adabu, kama mtu aliyekuja kutoa pole. Akasema, "Alikuwa na shati moja halivai, mama, wala halifui. Dobi mzima! Tukimcheka asema, hili likifuliwa atanitoka mke wangu. Aliliweka chini ya mto."

Bi Zakiya alifunika uso kwa leso. Kisha akaifunua, maana lile swali halikungoja. "Chumba chake ki wapi? Chenye dirisha. Nipeleke nikakione, baba, ndilo nililolijia."

"Dirisha?" Kazungu akamtazama Bimdogo, akamtazama yeye. "Mama, sisi twalala chini ya maji. Na vyumba vya kufulia viko chini zaidi. Hakuna dirisha huko. Mzee alikuwa hapandi huku juu, madobi hawaruhusiwi; aliona jua siku ya bandari, akishuka kupiga simu."

"Aliniambia mataa. Aliniambia watu walivyovaa."

"Ni mimi niliyemwambia. Usiku wa kuamkia bandari alikuwa akinijia mlango wa jikoni. 'Kazungu, huko juu kuna nini? Nipe la kumpelekea bibi.' Nami nampa."

"Na pomboo?"

"Pomboo mimi mwenyewe sijawaona, mama. Hao atakuwa amewatia mwenyewe."

"Muongo mkubwa wee!" akasema Bi Zakiya, na hapo hapo kilio kikamtoka, kile ambacho hata siku ya maziko hakikutoka sawasawa. Aliomba apelekwe chini. Aliomba sana. Kazungu akamwambia haiwezekani, abiria haruhusiwi, yeye atafukuzwa kazi na watoto wako skuli.

"Basi nihadithie tu. Kulikuwaje?"

Kazungu akakizungushia macho chumba. "Kulikuwa kama hapa, mama. Kitanda juu, kitanda chini, ukuta. Ukizima taa hujui kama ni usiku au mchana. Ila hapa ni pakubwa."

Siku ya pili, Ijumaa, adhuhuri, binti wa mapokezi alikuja mwenyewe na tabasamu lake. Kuna abiria ameteremka Nosi Be asubuhi ile, mgonjwa. Chumba kimepatikana: cha nje, dirisha kubwa, bahari yote. Nadhani walimwogopa, wakaona heri mwenye udi wake akae karibu na hewa. Bimdogo alikuwa ameshafunga sanduku kabla binti hajamaliza kusema.

"Nenda wewe," Bi Zakiya akamwambia.

"Nani? Zakiya! Si wewe uliyetuua masikio na dirisha tangu Kilindini?"

"Ni mimi. Nenda. Mimi chumba changu ni hiki."

"Mwanamke huyu ana wazimu," Bimdogo akasema, lakini alipomtazama uso akachukua sanduku lake akaenda. Ana mengi Bimdogo, moyo anao.

Bi Zakiya alifunga mlango. Nje kulikuwa na jua la utosi, watu wamejianika, maji yanameta, kila mwenye dirisha analo. Yeye akazima taa. Giza likamfunika mara moja, giza zito, na chini yake mashine za meli zikiunguruma bila kupumzika. Akapapasa ukuta, akapapasa kitanda, akalala ubavu, kaacha nafasi ya mtu. Aliwaza zile simu zote alizozikata kwa hasira, na "ehe, ehe" alizomjibu mtu aliyetoka gizani kuja kumpelekea mataa. Aliwaza zile likizo alizomnunia wiki ya kwanza nzima, kwa wivu wa dirisha.

"Ungaliniambia, Taib," akasema kwa sauti, kwa ukali, kama anayemgombeza mume chumbani kwao. "Ungaliniambia ni giza. Wallahi ningalikungoja vingine."