Mikungu Saba Nyuma ya Boti

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mama yangu alilijua hilo kabla sijaota meno. Nalitaja mapema ili msomaji asije akadhani nililolifanya pale njia ya Meserani lilitokana na ubovu wa barabara. Barabara ilikuwa nzuri. Kulikuwa na lami, jua lilikuwa limeshatoka, na gari lilikuwa langu mwenyewe.

Hilo la gari kuwa langu ndilo lililonivimbisha kichwa. Ilikuwa enzi ya ruksa, mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine, na sisi madereva wa shirika letu tulikuwa tumepunguzwa kazini kwa barua ya mistari minne. Kiinua mgongo changu chote nilikimalizia kwenye Landrova pikapu iliyochoka, nikaipaki mbele ya nyumba yangu ya Sombetini, nyumba yenyewe bado haina madirisha. Kila asubuhi niliizunguka na kitambaa nikiifuta, utadhani kuna mteja ananisubiri. Mteja hakuwepo. Mji ulikuwa umejaa magari ya mitumba, na kila aliyepunguzwa kazi alikuwa amegeuka tajiri wa usafiri kama mimi.

Kwa hiyo mfanyabiashara mmoja aliponiuliza kama naweza kumpelekea boti yake ya faiba Babati, kule ziwani, nilijibu naweza kabla hajamaliza kuuliza. Nilikuwa sijawahi kuvuta hata mkokoteni. Akaniambia wazi kwamba boti ikifika salama mizigo yake yote ya Babati itakuwa mikononi mwangu, na ikipata hata ufa mmoja, Landrova itabaki kwake. Tukapeana mikono.

Tela nilitengenezewa Kijenge, na mzee mmoja wa Kichaga aliyekuwa akichomelea vyuma uani kwake. Alichukua ekseli ya gari bovu, akaitafutia beringi mpya, akazijaza grisi kwa kidole kama mtu anayelisha mtoto uji. Akaunga taa za nyuma, halafu akanikanyagisha breki mara kumi huku yeye amechuchumaa nyuma anaziangalia. Minyororo miwili aliipitisha msalaba chini ya shingo ya tela, ili pini inayoiunga na gari ikikatika shingo iangukie juu ya minyororo, isichimbe lami. Boti tuliifunga kwa kamba za katani, na kila mahali kamba ilipogusa ubavu wa boti akaweka kipande cha tyubu ili isikwaruze.

Mwisho akanipa kipimo chake. Kabla ya safari yoyote, alisema, nichomoe pini, nishike shingo ya tela kwa mikono miwili, niinue. Ikinitoa jasho, niende. Ikiinuka kirahisi, mzigo umekaa nyuma mno, na nisitoke hata getini, maana tela ya namna hiyo hutikisa mkia mpaka ikaliangusha gari linaloivuta. Na ikianza kutikisa nisikanyage breki, niachie mafuta tu na kuushika usukani. Niliinua mbele yake nusura kiuno kikatike. Akacheka, akasema sasa naweza kwenda.

Sasa, dada yangu alikuwa ameolewa na mwalimu huko huko Babati, na wiki mbili kabla ya safari hiyo alijifungua mtoto wake wa kwanza. Kwetu Meru mzazi halali kitandani na njaa. Anapikiwa mtori, anakunywa asubuhi, mchana na jioni, mpaka mashavu yang'ae, na ndizi za mtori huo zinatakiwa zitoke kwa mama yake. Mama aliposikia naenda Babati hakuniuliza kama nina nafasi. Alishuka kutoka mlimani na lori la ndizi za sokoni, akatua Sombetini na mikungu saba ya mshare, ndizi za kupika, mmoja kwa kila siku ya wiki. Nilimwambia hata Babati ndizi zipo. Akasema ndizi za huko ni maji matupu.

Asubuhi ya safari bodi ya pikapu ilikuwa imejaa. Mwenye boti alikuwa ameweka mashine yake, madumu ya petroli na nyavu. Mama akaiangalia, akaiangalia boti, akaona ina tumbo kubwa na halina kitu. Majirani wanawake wakaja kumsaidia. Upande wa mbele boti ilikuwa juu, hawafiki, lakini nyuma ilikuwa chini, na hapo ndipo walipoipitishia mikungu mmoja mmoja wakiimba. Jirani mmoja akaongeza na gunia la parachichi.

Nilisimama mikono kiunoni. Kipimo cha mzee nilikikumbuka vizuri sana, sitaki kudanganya. Lakini nichomoe pini mbele ya mama, niinue shingo ya tela, halafu nimwambie nini? Ingekuwa kama kumpimia zawadi yake, na zawadi ya mzazi haipimwi. Nilijiambia mikungu saba ni kitu gani kwa Landrova. Mama akaweka kiganja kwenye ubavu wa boti, akaombea safari, tukasema amina, nikaondoka.

Hadi Kisongo nilikuwa napiga mluzi. Baada ya hapo njia ikaanza kuteremka, nikaachia gari likimbie, na ndipo nikasikia usukani umekuwa mwepesi, kama gari limenyanyuliwa kidogo. Kwenye kioo nikaiona boti ikienda kulia, halafu kushoto, halafu kulia tena, kila safari zaidi ya mwanzo. Mguu wangu ulikuwa tayari juu ya breki. Sijui ni nini kilichouzuia. Niliachia mafuta, nikaushika usukani, nikamwita Mungu wa mama. Tela ilinivuta mpaka upande wa pili wa barabara, bahati hakukuwa na gari linalokuja, kisha ikatulia taratibu nami nikasimama kwenye majani.

Nilishuka, nikachomoa pini, na shingo ya tela ikapanda juu yenyewe bila mimi kuigusa.

Hapo ndipo hasira ikanipanda. Niliona gari langu limekwenda, kazi imekwenda, na yote kwa sababu ya ndizi. Nilipanda kwenye boti nikaanza kuitupa ile mikungu chini, mmoja baada ya mwingine. Akina mama wa Kimasai waliokuwa wakielekea mnadani walisimama kuniangalia. Niliwaambia wachukue zote, na maparachichi. Walinishukuru sana, mmoja akanibariki kwa Kimasai. Kisha nikainua shingo, ikanitoa jasho, nikaenda hadi Babati bila tela kutikisika tena. Boti ilifika haina hata mkwaruzo.

Kwa dada nilifika jioni. Mama alikuwa ameshamtumia salamu kwa basi kwamba ndizi zinakuja, kwa hiyo nilikuta sufuria kubwa jikoni, mifupa ya ng'ombe inachemka, na mashemeji wamekaa na visu vya kumenyea. Dada alitoka na mtoto begani, akachungulia pikapu, akanichungulia mimi. Nilimweleza yote palepale mlangoni. Alimhamishia mtoto bega la pili.

"Mama asijue," akasema. "Mwambie zimefika."

Niliporudi Arusha nilikwenda Kijenge kumshukuru mzee, na kujisifu kidogo, kwamba nilikumbuka kuachia mafuta. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na ndani ya boti, upande wa mbele, kulikuwa na nini?"

Nilimwambia hakukuwa na kitu.

"Si ungezisogeza mbele, hatua tatu tu," akasema, akavaa miwani yake nyeusi akaendelea kuchomelea.

Jumapili nilipanda mlimani. Mama alinisubiri nje ya kanisa, akaniuliza kama zimefika. Nikamwambia zimefika. Akauliza kama mzazi alizipenda. Nikasema alizimaliza. Alifurahi mno, na tangu siku hiyo kila Krismasi aliwasimulia wageni jinsi ndizi zake zilivyosafiri kwa boti hadi Babati. Mimi nilikuwa natafuta sababu ya kutoka nje.

Mwaka jana mtoto yule, sasa ana ndevu, alikuja kumsalimia bibi yake. Mama hasikii vizuri siku hizi, lakini hadithi hiyo haijamtoka. Alimshika mkono akamwambia amekuzwa na ndizi zake. "Najua, bibi," kijana akajibu kwa sauti ya juu. "Mama huniambia hajawahi kula mtori mtamu kama ule." Alisema bila kupepesa macho, maana kwake huo ndio ukweli. Niliona aibu ambayo miaka yote haijaipunguza.

Wakati wa kuondoka mama alinituma shambani nikate mkungu mmoja apelekewe dada. Niliubeba mwenyewe mpaka kwenye gari langu, maana mimi ndiye niliyekuwa namrudisha kijana kwao. Kijana alikuwa ameshafungua buti, nafasi tele. Nilimpita, nikafungua mlango wa mbele, nikauketisha mkungu kwenye kiti na kuufunga mkanda.

"Mjomba, sasa mimi nakaa wapi?"

Nikamwambia nyuma.